Shingo ikipinda si uchawi: barua ya wazi kwa wakuu wa afya Nyanda za Juu Kusini

Kwa wenye dhamana ya Wizara ya Afya na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya za Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Kwa wasimamizi wa Bohari ya Dawa, kanda za Mbeya na Iringa.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Tukuyu, ambako mvua haijakatika tangu asubuhi. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, sasa mstaafu. Nimeona niandike hadharani kwa sababu jambo lenyewe haliko mezani kwa mtu mmoja. Wizara ina miongozo, TAMISEMI ina zahanati na vituo, Bohari ina dawa, halmashauri ina bajeti, na mgonjwa anaangukia kwenye nafasi zilizobaki katikati. Sitafuti mchawi. Ninachosema ni kwamba tunawapa watu dawa kali za akili bila kuwaambia zitaufanya nini mwili wao, na mara nyingi bila kidonge cha kuzuia madhara ambayo sisi wenyewe tunajua yanakuja. Wakiziacha, tunaandika kwenye daftari: mtoro.

Hali huwa hivi. Kijana wa Mbozi au Kyela ameanza kusikia sauti, halali, anatoka usiku kufuata watu wasioonekana. Ndugu wamehangaika naye, mwishowe wamemleta kituo cha afya. Anaandikiwa haloperidoli, dawa ya zamani ya kutuliza sauti hizo. Siku ya pili au ya tatu yuko nyumbani, ametulia kidogo, mama yake ameanza kupumua. Ghafla shingo inapinda upande mmoja na kukaza, macho yanageuka juu, ulimi unatoka nje, taya linakakamaa. Anaelewa kila kitu lakini hawezi kusema. Hapo nyumba nzima inajua kilichotokea: aliyemroga amepata habari kwamba wamekwenda hospitali, na sasa anammalizia. Kabla ya jioni wako kwa mganga wa kienyeji, na vidonge vimetupwa chooni.

Hakuna uchawi hapo, wala si kifafa, wala si pepopunda. Ni dhara la haloperidoli linalofundishwa darasani mwaka wa kwanza. Huja siku za mwanzo za dawa, na huwapata zaidi vijana, hasa wa kiume. Sindano ya biperideni, au ya prometazini ambayo vituo vingi huwa nayo, mara nyingi huiachia shingo ndani ya nusu saa hivi. Kisha mgonjwa anapewa vidonge vya triheksifenidili, ambavyo huku kila mtu anaviita Artane, kwa siku kadhaa ili hali isirudi. Nimeshuhudia familia zilizoingia zikilia zikatoka zinacheka kwa sindano moja tu. Lakini hizo ni zile zilizorudi kwetu. Waliokwenda kwingine hatukuwaona tena mpaka kijana alipoletwa amefungwa kamba.

Wagonjwa huuliza swali zuri ambalo wengi wetu hatulijibu: dawa ya akili inakamataje shingo?

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Mojawapo ni dopamini, na kazi yake moja ni kukipa uzito kile kinachostahili kuzingatiwa: jina lako likiitwa, harufu ya moto, uso wa adui. Kwa mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, dopamini huzidi katika sehemu fulani ya ubongo, na hapo kila kitu kinapata uzito. Honi ya lori kwenye barabara ya Tunduma ni ujumbe wake. Mtangazaji wa redio anamsema yeye. Jirani akikohoa, ni ishara. Dawa hizi, karibu zote, hukaa kwenye vipokezi vya dopamini, yaani pale inaposhika kwenye seli, vile vinavyoitwa D2, na kuizuia isishike. Haziondoi sauti siku ile ile. Zinaipunguzia uzito, na baada ya wiki kadhaa mgonjwa huanza kusema kwamba sauti bado zipo ila hazimsumbui, na wengine huja kusema zimenyamaza.

Shida ni kwamba dopamini hiyo hiyo, pahali pengine ubongoni, ndiyo inayolainisha mwendo wa misuli, na pengine tena ndiyo inayozuia maziwa yasitoke kwa asiyenyonyesha. Kidonge kikishaingia kwenye damu hakichagui. Wakulima wa mpunga wa Mbarali watanielewa: ukifunga lango kuu la mfereji kwa sababu jaruba moja limefurika, majaruba yote ya chini yanakauka.

Tena lango halihitaji kufungwa lote. Mwaka 2000 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya picha za ubongo za wagonjwa 22 waliougua kwa mara ya kwanza, ambao walianzishiwa haloperidoli kidogo sana, miligramu 1 au 2.5 kwa siku. Nafuu ilianza kuonekana vipokezi vikizibwa kwa takriban asilimia 65. Ukakamavu na kutotulia vilianza vipokezi vilivyozibwa vikipita asilimia 78. Katikati ya namba hizo mbili ndipo pa kulenga. Sasa tazameni kadi za wagonjwa wetu: miligramu 5 asubuhi, 5 mchana, 10 usiku, na klorpromazini, dawa nyingine ya aina hiyo hiyo, juu yake, kwa mtu wa kilo hamsini. Vipokezi vimeshaziba zamani. Kinachoongezeka ni ukakamavu.

Sababu naijua. Muuguzi yuko peke yake zamu ya usiku, mgonjwa anapiga watu, dozi kubwa inamlaza. Hiyo ni ya usiku ule. Kinachoniuma ni dozi ya usiku ule kunakiliwa kwenye kadi mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, na kila anayeishika kadi anaandika "endelea".

Liko dhara jingine linalowadanganya hata watumishi wazoefu. Mgonjwa hakai. Anasimama, anaketi, anasimama tena, anahamisha uzito mguu huu na ule, anatembea uani usiku kucha. Ukimuuliza anasema ndani hakukaliki. Ndugu wanasema kichaa kimerudi. Mtumishi anaongeza dozi, na dozi inaongeza kutotulia. Wapo wanaofika mahali pa kutaka kujiua wakiwa katika hali hiyo, si kwa sababu ya sauti bali kwa sababu ya miguu isiyowaacha. Tiba yake ni kupunguza dozi, au kubadilisha dawa, au kuongeza propranololi, kidonge cha zamani cha bei nafuu, kwa asiye na pumu. Kutofautisha kichaa kilichorudi na miguu iliyokataa kutulia hakuhitaji mashine yoyote. Kunahitaji mtu aliyefundishwa kuuliza: unatembea kwa sababu umeambiwa na sauti, au kwa sababu ukikaa unateseka?

Kuhusu wanawake inabidi niseme waziwazi, maana kliniki zetu haziulizi. Haloperidoli, na wenzake flufenazini na risperidoni, hupandisha prolaktini, homoni ya maziwa. Hedhi inakatika, matiti yanajaa, wengine wanatoka maziwa. Sasa mpelekeni msichana wa miaka kumi na tisa mwenye hali hiyo kwenye nyumba ya Makete ambako shangazi anahesabu siku za kila binti. Anaulizwa nani amempa mimba. Akikana anapigwa, na kijana wa jirani anatafutwa. Aliyeolewa naye ana yake: mume amefurahi kwamba mtoto anakuja, miezi inapita, tumbo halikui, na mke anaambiwa ameitoa. Mwanamke huyo ataendelea na dawa ya nani? Tena hatuwaambii kwamba hedhi kukatika si kinga, kwamba bado anaweza kushika mimba kweli.

Wanaume nao hupungukiwa na nguvu za kiume. Hakuna mwanamume wa huku atakayelisema hilo mbele ya mama yake aliyemsindikiza, na chumba cha kliniki ya akili katika vituo vingi ni meza iliyowekwa kwenye korido. Anaitikia "nameza" na kwenda nyumbani kuacha kumeza. Kumwambia msindikizaji asubiri nje dakika tano hakuna gharama hata ya shilingi moja.

Madhara mengine nitayapitia haraka. Klorpromazini huifanya ngozi iungue kwa jua, na wagonjwa wetu ni watu wa jembe. Wanahitaji kofia pana na mikono mirefu, na kuambiwa wasiamke kitandani kwa ghafla kwa sababu presha hushuka wakaanguka. Dhara la nadra lakini linaloua ni homa kali pamoja na mwili kukaza kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa, mara nyingi katika wiki za mwanzo au dozi ikipandishwa haraka. Kwa Kyela, homa ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo mgonjwa huyu hupewa dawa ya malaria na kuendelea kupewa haloperidoli. Anatakiwa asimamishiwe dawa ya akili papo hapo na apewe rufaa siku ile ile.

Halafu kuna mdomo unaotafuna pasipo chakula. Mmeshawaona stendi: ulimi unatoka na kuingia, midomo inanyonya hewa, vidole vinachezacheza, watoto wanawaiga na watu wazima wanacheka. Wengi hudhani ndicho kichaa chenyewe. Ni alama ya miaka ya dawa. Kwa dawa za zamani, takriban watu wazima 5 katika 100 hulipata kila mwaka wa matumizi, wazee zaidi ya hapo, na laweza kubaki hata dawa ikisimamishwa. Artane hailisaidii, yaweza hata kulizidisha. Kinga yake ni kutumia dozi ndogo inayotosha na kumwangalia mgonjwa mdomo, mikono na mwendo angalau mara mbili kwa mwaka, kazi ya dakika kumi.

Nimeitaja Artane mara kadhaa na sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kila mgonjwa aimeze maisha yote. Inakausha mdomo, inafunga choo, inabana mkojo, inawasahaulisha wazee, na vijana wa mitaani wameijua kwa starehe zao, jambo linalowafanya baadhi ya wafamasia waiogope. Baada ya miezi mitatu hivi wengi wanaweza kuipunguza na kuiacha. Lakini kuogopa kwamba itaibwa si sababu ya kumwacha kijana shingo ikiwa imepinda. Dawa za maumivu makali nazo huibwa, na tunazifungia kabatini kwa funguo mbili, hatujaacha kuzinunua.

Huenda mkauliza: si tulete dawa mpya tu? Leteni. Risperidoni imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2013, na kwa dozi ndogo inakakamaza kidogo kuliko haloperidoli. Olanzapini, nyingine mpya, inakakamaza kwa uchache kuliko hata risperidoni. Ila olanzapini inanenepesha, na kwa wengine inapandisha sukari hadi kisukari kamili. Mgonjwa aliyekuwa haji kliniki kwa sababu ya shingo atakuja kukatwa mguu. Mzani upo katika kila zahanati yenye kliniki ya watoto, hatua chache kutoka pale anapochukulia dawa mgonjwa wa akili, na hapimwi. Nawaomba msilete olanzapini pasipo agizo la kupima uzito kila anapokuja, na sukari kabla ya kuanza na baada ya miezi mitatu. Klozapini, ile ya waliokataa kusikia dawa nyingine, ibaki hospitali za rufaa zenye uwezo wa kupima damu mara kwa mara. Finland mwaka 1975 wagonjwa walikufa kwa kuishiwa chembe nyeupe za damu, na tangu hapo anayeitumia hufuatiliwa kwa vipimo vya damu.

Na sindano ya mwezi, flufenazini iliyo ndani ya mafuta ya ufuta, ambayo wengi bado wanaiita Modecate. Kwa mtu anayekaa ndani kabisa Ludewa au Ileje, sindano hii ni mkombozi: hakuna vidonge vya kusahau, hakuna ugomvi na mama kila jioni. Lakini ikishaingia haitolewi, ndiyo maana ya kuanza na dozi ndogo ya majaribio. Ikikosekana nayo ina ujanja wake. Mgonjwa anafika, anaambiwa "haipo, jaribu mwezi ujao", anarudi nyumbani mzima. Mwezi unaofuata bado mzima, kwa kuwa dawa inatoka mwilini taratibu. Anapolipuka, msimu wa kulima umeshaanza, na hakuna tena anayekumbuka kwamba chanzo ni siku ile ya "haipo". Kwenye ripoti anaonekana mgonjwa aliyerudiwa, na kukosekana kwa dawa hakuonekani popote.

Kama kuna mgonjwa au ndugu anayesoma barua hii, tafadhali asiache dawa kwa ajili yangu. Aende nayo kliniki aseme inamfanya nini. Mimi sizipingi dawa hizi. Tangu Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kuwapa wagonjwa klorpromazini katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, mwaka 1952, watu waliokuwa wakizeekea wodini wamerudi makwao. Uchambuzi uliochapishwa 2012, uliojumlisha majaribio 65 yenye wagonjwa karibu 6,500, ulionyesha kwamba kati ya waliokuwa wametulia, walioendelea na dawa walirudiwa na ugonjwa asilimia 27 ndani ya mwaka hivi, na waliobadilishiwa kidonge kisicho na dawa asilimia 64. Pengo hilo ni kubwa. Ni watu walioendelea na kazi, ndoa na shamba. Na ndilo tunalolipoteza kwa kukosa maelezo na kidonge cha senti chache.

Tunaweza kufanya vizuri zaidi, na ushahidi uko hapa hapa. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Mikoa yetu imejifunza kwa uchungu jinsi ya kumtunza mtu atakayemeza dawa maisha yake yote. Kliniki za CTC, zile za wenye VVU, zina kadi inayojazwa, zina tarehe, zina mhudumu wa jamii anayempigia simu asiyefika, zinatoa dawa za miezi kadhaa kwa aliye imara, na kabla ya kidonge cha kwanza mgonjwa anakalishwa na kuelezwa madhara. Mgonjwa wa akili anapita mlango wa pili wa jengo hilo hilo na hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Ujuzi upo, watumishi wapo, makabati yapo. Naomba mlango huo ufunguliwe upande wa pili.

Kwa Bohari na wafamasia wa wilaya, ombi langu ni dogo: haloperidoli, flufenazini na Artane zihesabiwe kuwa mzigo mmoja. Kituo chenye haloperidoli na kisicho na Artane kisiripotiwe kwamba kina dawa za akili, kwa sababu hakina. Kwa waganga wakuu, kadi ya kliniki iongezwe mstari wa uzito, mstari wa mdomo, mikono na mwendo, na mstari wa hedhi au nguvu za kiume, unaojazwa mgonjwa akiwa peke yake. Kila baada ya miezi sita anayeandika "endelea" aandike na sababu ya dozi. Kwa wizara, toeni karatasi moja ya Kiswahili cha kawaida, ya kukabidhiwa ndugu siku ya kwanza, yenye picha ya shingo iliyopinda na maneno makubwa: HII NI DAWA, SI KUROGWA, RUDI KITUONI LEO. Waganga wa kienyeji nao wapewe nakala. Wengi wao ni watu wenye akili, na baadhi yao wamewahi kutuletea wagonjwa wenyewe walipoelezwa.

Mkijibu, msinijibu mimi. Jibu libandikwe kwenye dirisha la dawa la kila kituo, lisomeke kutoka kwenye benchi: dawa zipi za akili zipo mwezi huu, zipi hazipo, na zitafika tarehe ngapi.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mstaafu wa afya ya akili
Tukuyu, Rungwe